Kosa Lililopigwa Mstari

Mazungumzo ya redio ya asubuhi, yanayochapishwa hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba kuyasoma.

Masomo: 2 Wafalme 4:38–41, 2 Wafalme 6:1–7, Wakolosai 2:13–14

 

Twazungumza nanyi kutoka Masalani, mji mdogo ulio karibu na Mto Tana, kusini mwa Kaunti ya Garissa. Wengi wenu hamjafika huku. Upande wa mto kuna mashamba ya Wapokomo, yenye miembe na migomba. Upande mwingine ni nchi ya malisho, ambako ndugu zetu Wasomali huchunga ng'ombe na mbuzi wao. Majirani zetu walio wengi ni Waislamu, na ushirika wetu ni mdogo: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara wachache na jamaa zao. Katika mahali kama hapa, kijana mmoja akienda chuoni, amekwenda na mji mzima.

Leo twataka kuwasimulia habari za kijana mmoja wa ushirika wetu. Ametupa ruhusa tuzisimulie, mradi tusimtaje jina, wala tusitaje kiwanda alichokwenda. Anasomea kazi ya dawa katika chuo kimoja cha utabibu. Kama ilivyo desturi, wanafunzi wa masomo hayo hupelekwa kujifunza kazi kwa vitendo, yale mafunzo ambayo wao wenyewe huyaita atachimenti. Wenzake wengi walipelekwa hospitalini. Yeye, baada ya kuandika barua nyingi zisizojibiwa, alipata nafasi ya miezi 3 katika kiwanda cha dawa huko Nairobi. Mama yake huuza chai na chapati sokoni. Aliuza mbuzi wawili ili mwanawe apate nauli, bima na kodi ya chumba. Tulimwombea kanisani, tukamsindikiza hadi kwenye basi la Garissa. Na kutoka Garissa hadi Nairobi bado ni safari ya zaidi ya kilomita 350.

Miezi 3 ilipokwisha alirudi. Jumapili ya kwanza hatukumwona kanisani. Jumatatu jioni alibisha hodi nyumbani kwetu, akaketi, akakataa chai. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, nimemaliza. Lakini nimerudi na barua ya onyo, na sijui nitamwambia nini mama."

Kabla hatujaeleza habari za barua ile, hebu tufungue Maandiko. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za nabii Elisha na wana wa manabii. Hawa wana wa manabii walikuwa wanafunzi. Waliketi mbele ya mwalimu wao wakijifunza kazi ya Bwana, kama vijana wetu wanavyokaa chuoni leo. Kulikuwa na njaa katika nchi. Elisha akaagiza sufuria kubwa iwekwe motoni, na mmoja wao akatoka kwenda kondeni kutafuta mboga. Akaona mtango wa porini, akachuma matango yake hata nguo yake ikajaa, akaja akayakatakata sufuriani. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na bidii, tena alitaka wenzake wale washibe. Ila hakukijua kile alichokichuma, wala hakumwuliza mtu. Walipoanza kula, wakapiga kelele kumwambia mtu wa Mungu kwamba ndani ya sufuria ile mna mauti.

Ndugu msikilizaji, kazi ya kutengeneza dawa ni kazi ya sufuria hiyo. Wachache hupika, na maelfu hula. Tena mlaji wa dawa hawezi kutambua kwa ulimi wake kama iliyomo ni uzima au mauti. Dawa yenyewe ni chungu, na mgonjwa ameambiwa avumilie uchungu wake.

Kijana wetu alitueleza jinsi kazi inavyofanyika mle kiwandani, nasi tulisikiliza kwa mshangao. Kabla ya kuingia chumba cha kazi, mtu huvua viatu vyake na kuvaa vingine, huvua saa na pete, hunawa mikono, hufunika nywele, na mwenye ndevu huzifunika pia. Unga wa dawa hupimwa kwenye mizani, mmoja akipima na mwingine akiangalia. Unga huchanganywa, hutiwa maji, hukaushwa, kisha huingia katika mashine inayougandamiza kuwa vidonge. Mashine ikianza kukimbia, mtu hupewa kazi ya kupima. Kila baada ya muda uliowekwa huchukua vidonge 20, akavipima uzito kimoja kimoja. Kwa kidonge chenye uzito wa miligramu 250 au zaidi, kanuni huruhusu vidonge 2 tu kati ya 20 vipite asilimia 5 juu au chini ya wastani, na hata kimoja kisipite asilimia 10. Tena kidonge kisichopakwa ganda hutiwa katika maji yenye joto la nyuzi 37, lililo sawa na joto la mwili wa mtu, nacho hupaswa kuvunjika ndani ya dakika 15. Kisipovunjika humo, hakitavunjika tumboni, na mgonjwa atakuwa amemeza kijiwe.

Lakini jambo lililomshangaza kuliko mashine zote lilikuwa ni karatasi. Kila kitendo huandikwa saa kinapotendeka, na mtendaji hutia saini. Kisha mtu wa pili aliyeshuhudia hutia saini yake. Na mtu akikosea kuandika, haruhusiwi kufuta. Hakuna raba, hakuna rangi nyeupe ya kufunikia maandishi, hakuna kuchana ukurasa. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba, hata lile kosa liendelee kusomeka. Kando yake huandika lililo sahihi, tarehe, sababu ya kosa, na saini yake. Tafadhali likumbukeni jambo hili la mstari mmoja, maana tutalirudia.

Pengine mtu atauliza, kwa nini ukali wote huu? Jibu ni kwamba ukali huu umeandikwa kwa machozi. Mwaka 1937, huko Marekani, kampuni iitwayo Massengill ilitengeneza dawa ya maji ya salfa. Ili kuuyeyusha unga wa salfa walitumia kimiminiko kiitwacho dayethilini glaikoli. Waliipima ladha yake, harufu yake na rangi yake; hawakuipima kama ina sumu. Kile kimiminiko kilikuwa sumu, na watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Wala msiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2022, katika nchi ya Gambia hapa Afrika, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa maradhi ya figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwamba dawa za maji za watoto zilizoagizwa kutoka ng'ambo zilikutwa zina sumu ya namna hiyohiyo. Akina mama wale waliwapa watoto wao kijiko kwa upendo, kama vile yule mwana wa nabii alivyojaza nguo yake matango kwa bidii.

Katika msiba ule wa mwaka 1937 alikuwako mwanafunzi mmoja, jina lake Frances Oldham, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alimsaidia profesa wake katika majaribio yaliyoonyesha kwamba ni kile kimiminiko kilichoua. Basi yale aliyoyaona akiwa mwanafunzi hayakumtoka. Mwaka 1960, akiwa sasa ameolewa na kuitwa Frances Kelsey, aliajiriwa katika idara ya serikali ya Marekani inayoruhusu dawa kuuzwa, akapewa faili la dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Wenye dawa walimsukuma sana atie saini. Alikataa, akadai ushahidi zaidi, akavumilia lawama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wakati huo huko Ulaya maelfu ya watoto walizaliwa na mikono na miguu mifupi kwa sababu mama zao walimeza dawa hiyo wakiwa wajawazito. Marekani iliepushwa na sehemu kubwa ya msiba ule. Yule mama aliweza kushikilia saini yake katika jambo kubwa kwa kuwa alikuwa amejifunza, akiwa bado mwanafunzi, kile ambacho saini yaweza kufanya.

Sasa turudi kwa kijana wetu na barua yake.

Ilikuwa juma la sita. Walikuwa kwenye zamu ya usiku, nao walikuwa wakitengeneza vidonge vya malaria. Kazi yake ilikuwa kupima vile vidonge 20 kila nusu saa na kuandika. Saa nane alipima. Saa nane na nusu alipima. Saa tisa usingizi ulimshinda, akalala akiwa ameketi. Alipozinduka ilikuwa karibu saa tisa na nusu, na nafasi ya saa tisa katika karatasi ilikuwa wazi. Fundi wa mashine, mtu mzima mwenye watoto, ambaye alikuwa amemtendea wema tangu siku ya kwanza, alimwonea huruma. "Jaza tu, kijana wangu," alimwambia. "Mashine haijabadilika tangu jioni. Namba zote ni zilezile." Akajaza. Alitazama namba za saa nane na nusu, akabadilisha tarakimu hapa na pale ili zisifanane mno, akatia saini. Fundi naye akatia saini ya pili.

Asubuhi alirudi chumbani kwake, asiweze kulala. Alituambia kwamba hakumwona malaika wala hakusikia sauti. Alimkumbuka tu dada yake mdogo. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipofurisha mto na kukata barabara nyingi za kaunti yetu, mtoto yule alishikwa na malaria. Mama alimbeba mgongoni katika matope hadi hospitali ya hapa Masalani. Muuguzi alitoa pakiti ya vidonge kabatini, akasema, "Mama, mpe hivi mpaka viishe." Mama hajui kusoma maandishi yale madogo ya pakiti. Hakuuliza ni nani aliyevitengeneza, wala alivipima saa ngapi. Alichukua maji, akampa mtoto, akaketi kungoja. Na mtoto akapona.

Yule kijana alijiuliza, "Vidonge vile alivipima nani? Naye, alilala?"

Ndugu wapendwa, hilo ndilo swali la leo. Maana sote twaishi kwa saini za watu ambao hatutawaona kamwe. Na watu ambao hatutawaona kamwe wanaishi kwa saini zetu.

Jioni ile, kabla ya zamu kuanza, alikwenda kwa mkaguzi wa ubora, mama mmoja anayeogopwa na wote, akamwambia, "Mama, jana usiku niliandika namba ambazo sikuzipima." Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Wapi?" Akaleta kitabu, naye kijana akamwonyesha ukurasa na mstari.

Tulipolisikia neno hilo, ndugu zangu, tulikumbuka habari nyingine ya wanafunzi wa Elisha, katika sura ya 6 ya kitabu kilekile. Wana wa manabii walikwenda Yordani kukata miti ili wajenge nyumba iliyo kubwa zaidi. Mmoja wao alipokuwa akikata mti, chuma cha shoka lake kilichomoka, kikatumbukia majini. Lilikuwa shoka la kuazima. Angeweza kuendelea kupiga mti kwa mpini mtupu, akaonekana anafanya kazi kama wenzake, hata jioni ikafika. Hakufanya hivyo. Alimlilia bwana wake, akakiri kwamba shoka halikuwa lake. Na mtu wa Mungu akamwuliza ni wapi kilipoanguka. Yule mwanafunzi akamwonyesha mahali penyewe. Hapo ndipo Elisha alipokata kijiti, akakitupa mahali pale, na chuma kikaelea.

Angalieni vema. Muujiza ulitendeka mahali palipoonyeshwa. Wengi wetu twaungama kwa ujumla. Twasema, "Bwana, sisi ni wenye dhambi," na kusema hivyo hakutuumi, maana kila mtu ni mwenye dhambi. Bwana huuliza, "Wapi?" Ukurasa gani? Mstari upi? Mbele ya nani? Hapo ndipo ulimi unapokuwa mzito.

Nasi tusije tukawahubiria ninyi tukajiacha wenyewe. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia, tulipelekwa katika parokia moja kujifunza kazi ya uchungaji kwa muda wa wiki 8. Hayo yalikuwa mafunzo yetu ya kiwandani. Tulitakiwa kutembelea wagonjwa na wazee majumbani, na kuandika ripoti. Mwishoni jua lilikuwa kali, na orodha ilikuwa ndefu. Tuliandika nyumba 20. Tulizokanyaga ni 13. Katika zile 7 ilikuwamo nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa amelala kwa muda mrefu. Tuliandika kwamba ametembelewa na anaendelea vizuri. Juma lililofuata alizikwa, nasi tulivaa kanzu tukasimama kaburini. Ripoti yetu ilisifiwa.

Hatukupiga mstari juu ya neno lile. Ilipita miaka 11 kabla hatujarudi kumwona mjane wake na kumwambia kweli. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Alikuwa akiniuliza kila jioni, 'Yule mchungaji mwanafunzi atakuja lini?'" Alitusamehe, akatupikia uji. Lakini swali lile la mzee twalisikia hata leo, na hakuna vidonge vya kupima upya. Kwa hiyo kijana yule alipokaa mbele yetu na barua yake ya onyo, hatukumwona kuwa mkosaji tu. Tulimwonea wivu. Yeye alifika kwa mkaguzi siku ileile. Sisi tulichukua miaka 11.

Basi, mkaguzi alimfanya nini? Vidonge vilivyotengenezwa usiku ule vilikuwa bado kwenye mapipa, havijafungwa. Vilizuiwa, vikachukuliwa vingi zaidi kupimwa upya. Pengine mwangoja kusikia kwamba vilikutwa na kasoro, na kwamba kijana aliokoa maisha ya watu. La, havikuwa na kasoro. Vyote vilikuwa sawasawa. Fundi alisema kweli, mashine haikuwa imebadilika.

Je, ungamo lake lilikuwa la bure? Sikilizeni alivyoambiwa na yule mama mkaguzi: "Barua ya onyo utapata, na chuo chako kitaarifiwa. Lakini sasa najua kwamba namba zako nyingine ni za kweli." Kisha akampa kalamu. Kijana akapiga mstari mmoja juu ya kila namba ya saa tisa, akaandika kando: Kipimo hakikuchukuliwa. Nililala. Akatia tarehe na saini yake. Alituambia kwamba mkono wake ulitetemeka kuliko siku ya mtihani.

Gharama haikuishia kwenye barua. Fundi naye alipewa onyo, kwa maana saini ya pili ilikuwa yake, nayo ilijisema yenyewe. Tangu siku ile hadi ya mwisho hakumsalimu tena. Kijana alimwendea mara mbili kumwomba radhi, akageuziwa kisogo. Jambo hilo lamuumiza mpaka leo, na hatuwezi kulifunika kwa maneno mazuri. Ukweli ukicheleweshwa hata usiku mmoja, huwagonga na walio karibu. Kama angeliacha ile nafasi ya saa tisa wazi, angepata lawama peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba humuumbua pamoja na jirani aliyemsaidia kuficha.

Wala hakupewa kazi pale baada ya mafunzo, ingawa wenzake wawili waliitwa. Hatujui kama ni kwa sababu ya barua ile. Twajua tu kwamba alirudi Masalani bila kazi, na mbuzi wawili wameuzwa.

Hata hivyo, hebu tufikiri. Viwanda vya nchi yetu vinajengwa juu ya nini? Mwaka 2023 kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu kilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya SP, ile ambayo hupewa akina mama wajawazito kuwakinga na malaria. Kilikuwa kiwanda cha kwanza katika Afrika kupata kibali hicho kwa dawa hiyo. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Nacho kibali cha namna hiyo hakitolewi kwa kutazama mashine tu. Wakaguzi huja, wakafungua vitabu, wakasoma mstari kwa mstari: nani alipima, saa ngapi, nani alishuhudia. Dawa njema huanza na mtu mmoja, saa tisa za usiku, anayeandika lile aliloliona na kuacha wazi lile ambalo hakuliona.

Na si kiwandani tu. Hapa Masalani muuguzi hutazama joto la friji ya chanjo asubuhi na jioni, akaliandika. Lipaswa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Asipotazama akaandika, mtoto atachomwa sindano ya maji matupu, na mama atafurahi kwamba mwanawe amekingwa. Mwalimu huandika mahudhurio. Mhazini wa kanisa huandika sadaka. Mwenye maziwa huapa kwamba hakutia maji. Nasi wachungaji huandika ripoti zetu kwa askofu. Ewe msikilizaji, iko wapi nafasi yako ya saa tisa? Ni namba gani uliyoinakili kutoka mstari wa juu?

Sasa tuseme juu ya ule mstari mmoja, ndipo tumalize. Sheria ya kiwanda yasema mwanadamu asifute kosa lake. Alipige mstari, aliache lisomeke, aweke jina lake kando. Hii ni hekima kubwa, maana tangu Adamu sisi ni watu wa kufuta na kufunika. Adamu alitafuta majani. Daudi alimweka Uria mstari wa mbele vitani. Anania na Safira walileta hesabu iliyobadilishwa. Twataka ukurasa safi, na twataka kuusafisha sisi wenyewe usiku, watu wakiwa wamelala.

Lakini Injili yatuambia kwamba yuko mmoja mwenye haki ya kufuta. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, asema kwamba ilikuwako hati iliyotushtaki, yenye madeni yetu yote, na Mungu aliifuta, akaiondoa, akaipigilia misumari msalabani. Hakuifuta kwa siri. Aliifanya wazi, mchana, mlimani, mbele ya macho ya watu, na gharama yake ilikuwa damu ya Mwanawe. Kazi yetu ni kupiga mstari: kusema ni hapa, ni mimi, na sababu ni hii. Kazi ya kufuta ni yake. Tukimnyang'anya Mungu kazi yake, twabaki na karatasi chafu iliyofunikwa rangi nyeupe. Tukifanya iliyo yetu, yeye huifanya iliyo yake.

Kila Jumapili katika ibada yetu twaungama yale tuliyoyatenda vibaya, na pia yale ambayo hatukuyafanya kabisa. Kipimo kisichochukuliwa kimo humo. Mzee asiyetembelewa yumo humo. Na Elisha hakumfukuza yule aliyechuma matango, wala yule aliyepoteza shoka. Alitaka unga, akautia sufuriani, na chakula kikawa salama, wote wakala, yule kijana akiwa miongoni mwao.

Jioni ile tulikwenda pamoja na kijana wetu hadi kwa mama yake, maana peke yake aliogopa. Mama alikuwa akisafisha kikaango. Alisikiliza habari yote, kisha akaiomba barua ya onyo, akaishika mkononi ingawa hawezi kuisoma. Akauliza, "Jina lako limo humu?" Mwanawe akasema, "Ndiyo, mama." Akauliza tena, "Na uliyasema mwenyewe, au walikukamata?" Akajibu, "Niliyasema mwenyewe." Basi mama akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali anapoweka vyeti vyake vya shule. Kisha akasema, "Keshokutwa urudi chuoni. Kula kwanza."

Na tuombe.

Ee Mungu wetu, wewe waona saa tisa za usiku kama mchana. Twakuomba kwa ajili ya wanafunzi wote walio katika mafunzo ya kazi, viwandani, hospitalini na mashuleni. Wape macho yasiyolala na midomo isiyoogopa kusema kweli. Wakumbuke mafundi wao, hasa wale waliokasirika. Wahurumie wagonjwa wanaomeza leo kile ambacho hawawezi kukipima. Nasi, utuonyeshe mahali chuma chetu kilipoanguka, utupe moyo wa kupaonyesha, na kwa ajili ya Yesu Kristo uifute hati yetu. Amina.